Nani Alibandika Ngazi ya Gari la Sayari

Nilipofungua mlango jioni hiyo, ngazi ilikuwa imebandikwa.

Ngazi yenyewe ni ndogo, urefu wa kidole, plastiki ya kijivu. Asubuhi niliiacha mezani kando ya chupa ya gundi. Sasa ilikuwa imeshika ubavuni mwa gari la plastiki nililokuwa naliunda, na gundi imeshakauka.

Naishi peke yangu.

Kufuli ilikuwa vile nilivyoiacha. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, lakini lina vyuma. Paka anapita, mtu hapiti. Laptop ilikuwa pale. Redio pale. Mtungi wa gesi pale.

Sasa niambie: ni mwizi gani anaingia nyumbani kwa mtu, anaacha laptop, anabandika ngazi ya plastiki, halafu anafunga kufuli na kwenda zake?

Na tena alikuwa ameibandika juu chini.

Nilikaa nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Acha niende polepole, maana nikikimbia hutaniamini.

Naitwa Mogire. Nimepanga nyumba Migori mjini, mtaa wa Oruba. Kazi yangu ni kukagua mizani za wafanyabiashara. Mama anayepima sukari kwa kilo ananijua. Jamaa anayepima dhahabu kwa gramu ananijua. Hakuna hata mmoja anayefurahi kuniona.

Nikiingia sokoni, kelele hupungua. Mtu aliyekuwa akicheka anageuka kupanga nyanya zake. Siwalaumu. Mtu anayekuja kukagua mizani yako hakuji kukusalimia.

Kazi hii imenizoesha jambo moja. Simwulizi mtu kama mizani yake ni sawa. Naweka jiwe la kilo juu yake, na jiwe linajibu.

Lile gari lilitoka kwa Bochaberi, mke wangu.

Bochaberi ni nesi. Alipata kazi Uingereza akaenda, tukakubaliana ni kwa muda. Mwaka wa pili akanitumia boksi kupitia mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Boksi refu kama benchi. Makanga wa gari lililolileta aliniuliza kama ni jeneza la mbwa.

Ndani kulikuwa na vipande zaidi ya elfu moja, bado vimeshikana kwenye fremu za plastiki, kila kimoja na namba yake. Ukivikata vyote, ukavilainisha kwa msasa na kuviunganisha kwa gundi, unapata gari la kusafiria kwenye sayari isiyo na hewa. Magurudumu manane, kila moja kama kisahani cha chai. Mkono wa kuchota mawe. Matangi, taa, ngazi. Na mbele, kibanda cha vioo chenye viti viwili na watu wawili wa kukaa humo, kila mmoja ukubwa wa kidole gumba.

"Usikae bure jioni," Bochaberi aliandika. "Nikirudi nikute umemaliza."

Nilianza na magurudumu.

Nilipomaliza la mwisho alinipigia simu. Aliniambia harudi. Alisema kila mtu aendelee na maisha yake. Alisema kwa upole, vile nesi anavyosoma majibu ya vipimo.

Nikamwuliza kama huo ndio uamuzi wa mwisho. Akasema ndiyo. Nikamshukuru kwa kuniambia wazi.

Kisha nikakata simu na kuunganisha ekseli ya nyuma.

Sikumwambia mtu.

Jioni moja nilikata mmoja wa wale watu wawili kutoka kwenye fremu, nikampaka rangi, nikamketisha kibandani. Wa pili nilimwacha kwenye fremu yake. Fremu nikaiweka pembeni ya meza, karibu na dirisha, na hapo ikakaa.

Labda utauliza jamaa zangu walikuwa wapi.

Mimi ni Mkisii. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto. Mwana akishaoa, baba yake hakanyagi nyumbani mwake. Wala hamwulizi mambo ya ndoa yake. Ukiwa na shida ya mke, anayeingia na kukaa kitandani kwako na kukuuliza maneno ni nyanya yako, au babu. Wao wana ruhusa, hata ya kukutania.

Wangu walishafariki. Mama pia. Ndugu sina.

Vijana husema chinsoni haihesabiki kwa nyumba ya kupanga. Baba yangu, Mzee Omanga, huhesabu. Sisi humwita baba Tata. Tata anauza ndizi Kosele, kule Homa Bay, na tangu nioe hajawahi kuona rangi ya kuta zangu. Baada ya ile simu ya Bochaberi alinipigia mara mbili akitaka kuja tukutane hata mjini. Nikamwambia asije, nina kazi nyingi, sitaki kuonana na watu kwa sasa. Alhamisi ndio usiseme, nashinda kwenye soko la Uriri siku nzima.

"Sawa," alisema. Hakupiga tena.

Kwa hiyo aliyebaki ni jirani yangu, Mama Terry.

Jina lake ni Marcella. Anakaanga samaki langoni mwa ploti. Ni Mjaluo, sauti yake inafika barabarani, na ndiye mtu pekee Migori nzima aliyekuwa akipaza sauti anaponiona badala ya kuishusha.

"Bwana Mizani! Leo umefungia nani duka?"

"Hakuna."

"Basi leo sokoni wamelala vizuri. Chukua ndizi hizi. Kuna mteja ameniletea nyingi, zitaoza."

Zilikuwa ndizi mbivu, ndogo, tamu. Nilichukua. Ilikuwa Alhamisi, ileile ya ngazi.

Mama Terry ndiye aliyekuwa na ufunguo wangu wa pili, tangu siku niliyojifungia nje.

Ngazi sikuitoa. Kielelezo hakiguswi mpaka uchunguzi uishe. Niliipiga picha nikaiacha ilivyo.

Alhamisi iliyofuata nikirudi kutoka Uriri, bomba lilikuwa limebandikwa nyuma ya kibanda. Lilielekea chini badala ya juu.

Nikamweleza Wangwe ofisini. Wangwe ni Mkuria, mwenzangu wa kazi, mtu wa kucheka kabla hajamaliza sentensi.

"Hilo ni jini," alisema. "Jini fundi. Mwachie amalize, halafu nitakuletea pikipiki yangu."

"Jini halitumii gundi."

"Umeliuliza?"

"Wangwe, nauliza kwa makini."

"Na mimi nakujibu kwa makini. Boss, wewe unaishi na gari ambalo halina barabara. Unadhani nani atakutembelea?"

Alicheka peke yake. Mimi nilirudi nyumbani nikafanya jaribio.

Alhamisi asubuhi nilinyunyiza unga wa ngano sakafuni, kutoka mlangoni hadi mezani. Juu ya mlango nikabana uzi mwembamba ambao ungekatika mlango ukifunguliwa.

Jioni uzi ulikuwa mzima. Unga ulikuwa safi, hata alama ya mende haikuwepo.

Na matangi mawili yalikuwa yamebandikwa ubavuni. Juu chini.

Nikapitisha kidole kwenye tangi. Ilikuwa plastiki na gundi, si ndoto.

Nikajiambia: uzi unaweza kurudishwa. Unga unaweza kunyunyizwa upya na mtu mwangalifu. Lakini kufuli haifunguki bila ufunguo, na funguo ni mbili.

Nikatoka hadi langoni.

"Mama Terry, naomba ule ufunguo."

"Umepoteza wako?"

"Hapana. Kuna mtu anaingia kwangu."

Aliweka kijiko kando ya karai. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kutafuna.

"Na wewe umepima ukaona ni mimi."

"Funguo ni mbili. Mmoja uko mfukoni mwangu."

"Omera, ndugu yangu, sijawahi kuvuka mlango wako tangu mke wako asafiri. Nivuke nitafute nini? Unga? Maana naona umevaa unga mpaka magotini."

"Basi ni nani?"

Alitupa jicho upande wa nyuma wa nyumba, kisha akarudisha macho kwenye mafuta.

"Kuna maneno si yangu kuyasema."

"Hilo si jibu."

"Ni jibu. Ni vile hujazoea majibu yasiyo na namba."

Alitoa ufunguo kifuani, akaufuta kwa leso, akauweka mezani. Hakuniwekea mkononi. Nikauchukua.

Siku hiyohiyo nilifunga dirisha la nyuma na kuvuta pazia. Hiyo ilikuwa kwa sababu nyingine kabisa. Nilikuwa nimeliacha wazi wakati wa kugundisha kwa sababu mvuke wa gundi ile huumiza kichwa. Sasa nilitaka kuanza kupaka rangi, na vumbi likigusa rangi mbichi, kazi imeharibika.

Alhamisi iliyofuata hakuna kilichobandikwa.

Iliyofuata pia.

Kesi imekwisha, nikasema. Nimechukua ufunguo, na mambo yamekoma. Alikuwa yeye.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona kosa langu. Nilibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, halafu nikajidai najua kipi kilichofanya kazi.

Lakini sikuliona. Niliona tu kwamba nimeshinda, na kwamba nyumba imenyamaza.

Nilikuwa nikipita langoni, Mama Terry anageuza samaki. Hakuna "Bwana Mizani". Hakuna ndizi. Nilinunua mkate dukani nikala nimesimama jikoni. Simu ilikuwa mezani, na ilikuwa inalia kwa jumbe za kampuni ya simu tu.

Siku moja nilitambua kwamba nimetoka Uriri mapema. Sikuwa na sababu. Nilifungua mlango, nikaenda moja kwa moja kwenye gari, nikalikagua upande mmoja, nikalikagua upande wa pili.

Hakuna kitu.

Nikalikagua tena.

Nilikuwa nimekasirika. Ilinichukua muda kuelewa ninachokasirikia: kwamba hakuna aliyeingia.

Jumamosi hiyo nikaamua kurekebisha makosa ya mgeni wangu kabla ya kupaka rangi. Nikachukua kisu chembamba ili nibandue ngazi. Nikawasha taa ya mezani, nikainama karibu.

Nikasita.

Ngazi ilikuwa juu chini. Bomba lilikuwa juu chini. Matangi, juu chini. Kila kipande kilikuwa mahali pake hasa, lakini kimegeuzwa nusu mzunguko. Vyote. Kwa namna ileile.

Sikiliza. Mizani ikikosea leo kwa gramu tano na kesho kwa hamsini, hiyo ni mbovu. Lakini ikikosea kila siku kwa kiasi kilekile, si mbovu. Kuna mahali imeegemea. Ukipapata hapo, umepata kila kitu.

Mtu huyu hakuwa mzembe. Alifuata mchoro kwa uaminifu. Ila mchoro, kwake, ulikuwa umegeuka.

Karatasi ya maelekezo nimeibandika mezani kwa selotepu, ikinitazama mimi. Ili uione juu chini, lazima ukae ng'ambo ya meza.

Ng'ambo ya meza hakuna nafasi ya kukaa. Kuna ukuta.

Na kwenye ukuta, kuna dirisha.

Nilivuta pazia. Nikafungua dirisha. Nikatoka nje na kuzunguka nyuma, kwenye kichochoro kati ya nyumba na ua, mahali ambapo nilikuwa sijafika tangu nihamie.

Chini ya dirisha langu kulikuwa na jiwe la kujengea. Matope yalikuwa yamezunguka jiwe pande zote, lakini juu lilikuwa limesuguliwa na viatu.

Nikapanda. Nikapitisha mkono kati ya vyuma hadi begani.

Nilifikia ngazi. Nilifikia bomba. Nilifikia matangi, na chupa ya gundi, na karatasi ikiwa juu chini. Magurudumu ya upande wa pili sikuyafikia.

Hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumbani kwangu. Mtu alikuwa amesimama nje na kuunda gari langu kwa mkono uliopita dirishani.

Nikabaki pale juu ya jiwe, nikitazama alichokuwa akitazama yeye. Kiti kimoja. Kikombe kimoja. Sahani imewekwa juu ya boksi. Na karibu kabisa na kingo ya dirisha, pale mkono unapofika kabla ya kufika popote, ile fremu yenye mtu wa pili.

Kila kilichofikika kilikuwa kimeguswa. Yeye peke yake hakuguswa.

Nilirudi ndani nikainama tena juu ya ngazi. Gundi ile huyeyusha plastiki kidogo; ukiishika kabla haijakauka, alama ya kidole chako inabaki humo milele. Na alama ilikuwepo. Kidole gumba kipana, na mstari wa kovu umekikata kwa mshazari.

Nilikuwa darasa la tatu Tata alipojikata kidole hicho kwa panga akikata mikungu. Nilimfunga kitambaa mimi mwenyewe.

Nikaweka kisu chini.

Mama Terry alikuwa anawasha jiko.

"Alikuja mara ngapi?" nilimwuliza.

Alinitazama, kisha akatazama magoti yangu yenye matope.

"Umefika nyuma ya nyumba. Hatimaye."

"Mama Terry."

"Kila Alhamisi. Anakuja na mfuko wa ndizi, ananiachia, ananiambia, 'Mpe, lakini usiseme zimetoka kwangu.' Anaenda nyuma. Siku ya kwanza nilidhani ni mwizi nikamfuata na mwiko. Akaniambia yeye ni baba yako na hawezi kuingia. Nikamwambia mzee, ufunguo huu hapa. Akaruka kama nimemwonyesha nyoka."

"Na nilipokushtaki ukanyamaza."

"Aliniomba. Mzee wa rika lile akikuomba, unafanya nini?" Alipuliza moto. "Alhamisi ya kwanza baada ya wewe kufunga dirisha alikuja. Akasimama pale kwenye jiwe kwa muda. Akarudi, akaniambia neno moja tu: 'Amenifungia.' Hata zile ndizi alirudi nazo. Hajaja tena."

Nilitoa ufunguo mfukoni nikauweka mkononi mwake.

"Nisamehe. Nilipima vibaya."

"Huu ufunguo una faini."

"Faini gani?"

"Unakula samaki hapa, umekaa kwenye benchi, ukiongea na watu. Si kufungiwa kwenye gazeti ukale peke yako kama askari wa zamu."

Nililipa faini hapohapo. Sikujua la kuongea na wale watu wengine kwenye benchi, lakini nililipa.

Tata ni Msabato, Jumamosi hatoki kanisani. Nilienda Kosele Jumapili.

Kutoka Migori hadi Kosele unabadilisha gari zaidi ya mara moja. Si njia ya mtu anayepitia tu. Nilikaa kwenye kila kituo nikifikiria kwamba yeye ameifanya safari hii kwenda na kurudi, na miaka yake ile, ili asimame juu ya jiwe.

Nilimkuta kando ya mikungu yake, amekalia kreti, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Tulizungumza Kikisii, hapa natafsiri.

"Tata."

"Mogire." Hakusimama. "Kama umekuja kukagua, mimi nauza kwa mkungu. Sina mizani."

"Sikuja kukagua."

"Basi umekuja kwa nini? Leo si Alhamisi."

Nilikaa juu ya kreti nyingine. Hatukutazamana, wote tulitazama ndizi.

"Ile ngazi uliiweka juu chini," nikasema.

Alichukua kitambaa akaanza kufuta ndizi ambayo haikuwa na uchafu.

"Mchoro wenyewe ulikuwa umepinduka."

"Mchoro ulikuwa sawa. Ni wewe ulikuwa nje."

"Ningekuwa wapi?"

Mteja akaja, akaulizia bei, akapunguziwa, akaenda. Tata akarudi kwenye kitambaa chake.

"Nilikuambia usije," nilisema.

"Uliniambia hutaki kuonana na watu. Nikachagua siku ambayo hatutaonana."

"Na kubandika?"

"Siku ya kwanza nilikaona hako kangazi karibu na dirisha, nikadhani kameanguka. Mchoro uko pale, gundi iko pale. Nikasema nikarudishe mahali pake, nitakuwa nimefanya kitu kuliko kusimama tu." Akakunja kitambaa. "Wiki iliyofuata nikakuta hujakatoa. Nikajua umenijibu."

Sikumwambia kwamba niliiacha kama kielelezo tu. Mara moja moja ukweli unaweza kungoja.

"Halafu ukafunga dirisha," akasema.

"Vumbi."

"Nini?"

"Nilitaka kupaka rangi. Vumbi likiingia linaharibu rangi. Sikujua kama ni wewe."

"Vumbi?"

"Vumbi, Tata."

Alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, hadi kofia ikaanguka. "Wiki hizi zote sili vizuri, nasema mtoto amenifungia. Kumbe ni vumbi!"

Mimi pia nilicheka. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kisha akaokota kofia, akaikung'uta polepole zaidi ya ilivyohitaji.

"Kuna mtu mmoja pale mezani sikumgusa," alisema.

"Niliona."

"Gari lina viti viwili. Kila nikija, namkuta mmoja bado yuko kwenye fremu. Wiki nenda wiki rudi." Alivaa kofia. "Kuna mambo mzazi haulizi."

Hapo ndipo chinsoni ilipomruhusu kufika. Na alifika hadi mwisho kabisa wa ruhusa yake.

"Ndiyo, Tata," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Basi."

Maneno hayo ndiyo yalikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu kwamba Bochaberi harudi.

Alhamisi hiyo niliomba ruhusa kazini. Wangwe akauliza kama naenda kumpokea jini. Nikamwambia ndiyo.

Mama Terry alinisaidia kubeba meza. Mlango ni mwembamba, ilibidi tuitoe kwa ubavu, na alinitukana kwa Kijaluo na Kiswahili mpaka ikapita. Tukaiweka nyuma ya nyumba, kichochoroni, mbele ya lile jiwe. Kisha nikaleta gari kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga, kisha viti viwili, kimoja cha kuazima.

Tata alitokea kwenye kona na mfuko wake wa ndizi. Aliona dirisha liko wazi. Alichungulia ndani kwanza, kwa mazoea, akakuta meza haipo. Ndipo akageuka.

"Meza imetoka?"

"Wewe huwezi kuingia," nilisema. "Meza haina chinsoni."

Aliizunguka mara moja akilitazama gari, kisha akaketi upande wake, nami wangu. Karatasi ya maelekezo tuliiweka kiubavu katikati, ili kila mmoja aione vibaya kwa kiasi sawa.

Tulianza kazi. Yeye alipaka gundi nyingi mno, nami nilinyamaza.

Alipofika kwenye ngazi, alitaka kuibandua aigeuze.

"Iache," nikamwambia.

"Si iko vibaya?"

"Iache hivyo hivyo."

Akaipapasa kwa kidole gumba. Ngazi hiyo ina ndoano mbili pana za kushika paa. Kwa kuwa ilikuwa juu chini, ndoano zilikuwa zimetokeza chini kama kibenchi, nje tu ya kibanda cha dereva.

Tata alikiangalia kibenchi hicho kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono kwenye ile fremu.

"Na huyu?" aliuliza. Hakunitazama.

"Kile kiti cha ndani sitaki akikalie mtu."

"Si lazima akae ndani."

Nikampa koleo. Alimkata yule mtu wa pili taratibu, akamlainisha kwa msasa, akampaka gundi, akamketisha kwenye kibenchi, mgongo kwenye mlango, nje.

"Hapo panamtosha," alisema. "Tupe ndizi."

Gari lilimalizika. Liko sebuleni kwangu, lina rangi ya vumbi, na anayelitazama husema ngazi ina kosa. Namwambia najua. Sikuilainisha ile alama ya kidole, na rangi niliipaka nyembamba hapo ili ionekane.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayeishi peke yake na ambaye ana hakika, kama nilivyokuwa na hakika, kwamba hakuna anayemfikiria. Labda ni kweli. Sijui nyumba yako. Lakini mimi ni mtu wa vipimo, na nilikuwa nimepima kitu kisicho sahihi: nilipima watu wako mbali nami kiasi gani, sikupima wameruhusiwa kufika wapi.

Kwa hiyo kabla hujaandika kwamba hakuna anayekuja, fanya jambo moja dogo. Zunguka nyuma ya nyumba yako, uangalie chini ya dirisha.